Adabu ya Mgeni Katika Ulimwengu Mwingine

Mgeni mwenye adabu huvua viatu mlangoni, hata kama mwenyeji hayupo. Jambo hili dogo limewashughulisha sana mabingwa wa vyombo vya anga.

Mwanzoni hofu ilikuwa juu ya nafsi zetu. Julai 1969 wanaanga wa Apollo 11 walirudi kutoka Mwezini wakatengwa mpaka zikatimia siku 21, isije wakawa wamechukua maradhi huko. Ilhali wao wenyewe waliacha mifuko ya taka juu ya Mwezi. Ndivyo alivyo binadamu!

Na sheria ilikuwapo. Mkataba wa Anga wa 1967, kifungu cha 9, umeyataka mataifa yachunguze Mwezi na sayari bila ya kuzitia uchafu wenye madhara. Shida ilikuwa namna ya kuutimiza. Hata kabla ya mkataba huo, vyombo vya Ranger vya Marekani vilitiwa joto ili kuua vijidudu. Mwaka 1962 vitatu vikashindwa kazi, na joto likalaumiwa kwa kuidhoofisha mitambo. Wengine wangekata tamaa. Walakin vyombo viwili vya Viking, vilivyotua Mirihi 1976, viliokwa tanurini kwa joto la zaidi ya digrii 110, muda wa saa 30 hivi. Vilikwenda kutafuta uhai. Lau vingechukua vijidudu vya kwetu, nani angejua kilichoonekana ni cha huko au cha hapa?

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Galileo. Chombo hiki kilifika Mshtarii 1995, kikaleta dalili kwamba mwezi wake mmoja, Europa, una bahari ya chumvi chini ya barafu. Nacho hakikutakaswa kama Viking. Mafuta yalipokaribia kwisha, ikahofiwa kisije kikaangukia Europa na kuichafua bahari ile kabla haijachunguzwa. Basi tarehe 21 Septemba 2003 kikazamishwa ndani ya Mshtarii, kikateketea. Cassini nacho kikafanyiwa vivyo hivyo huko Zohali, 2017.

Hakuna kiumbe aliyepata kuonekana Europa, hata kijidudu. Kazi ya miaka mingi ilitolewa kwa ajili ya majirani ambao yamkini hawapo kabisa.

Sasa yanazungumzwa mambo ya kupeleka watu Mirihi. Chombo huokwa tanurini. Mtu haokwi, naye hubeba vijidudu vyake kinywani na tumboni popote aendapo. Mkataba wa 1967 ungalipo, na suala hili halijapata jawabu.