Sanaa ya kuvaliwa: wanafunzi wanapoiuliza nguo inaufanyia mwili nini

Dada yangu alinipigia simu baada ya Isha, sauti yake ikiwa chini. "Njoo utuamue," akasema. Binti yake, aliye kidato cha tatu, alikuwa ameshona gauni la nyavu chakavu za uvuvi kwa ajili ya siku ya sanaa shuleni kwao. Babake, ambaye ni mvuvi, aliliona likining'inia nyuma ya mlango akasema neno moja tu: mwanawe hatapanda jukwaani amevaa wavu.

Mimi ni mjomba, na mjomba huitwa mambo yakiharibika. Lakini kabla ya kwenda kuamua jambo, ni vyema mtu alijue. Nikasoma, nikauliza walimu, na nikaona si nyumba yetu pekee yenye ugomvi huu. Mtaala mpya wa shule umeweka sanaa na michezo kuwa moja ya njia tatu za sekondari ya juu, kwa hivyo nyumba nyingi za pwani zitaletewa gauni la ajabu nyuma ya mlango. Ndugu msomaji, haya ndiyo niliyoyapata.

Ni kitu gani hasa?

Sanaa ya kuvaliwa ni kazi ya sanaa ambayo, badala ya kutundikwa ukutani, huwekwa juu ya mwili wa mtu. Si sawa na mitindo ya kawaida. Fundi wa mitindo hujiuliza kama nguo itamkaa mteja vizuri, na kama itauzika Idi hii. Mwenye kufanya sanaa ya kuvaliwa hujiuliza jambo jingine: nguo hii inaufanyia mwili nini? Inauficha, inaulinda, inaukuza, inaufunga? Na anayeitazama humwona nani?

Ndiyo maana baadhi ya mavazi haya hayakaliki, na mengine hayafuliki. Hutengenezwa moja tu, livaliwe mara moja au mbili, kisha lihifadhiwe. Si vazi la mchezo wa kuigiza pia, kwa sababu la mchezo humtumikia mhusika wa hadithi. Hili lenyewe ndilo hadithi.

Wanafunzi walikoanzia

Wanafunzi wamekuwa mbele katika sanaa hii kwa sababu nyepesi: hawana mteja wa kumridhisha, hawana pesa za vitambaa ghali, na wana wenzao wa kuwapima.

Nchini Ujerumani, shule ya Bauhaus iliyofunguliwa Weimar mwaka 1919 ilikuwa na mwalimu aitwaye Oskar Schlemmer. Mwaka 1922, mjini Stuttgart, alionyesha ngoma yake ya Triadic Ballet, ambapo wachezaji walivaa mavazi ya maumbo ya duara, pia na nyaya, hata mwili ukalazimika kutembea jinsi vazi lilivyotaka. Mwaka 1929 wanafunzi na walimu wa shule hiyo, ikiwa imehamia Dessau, walifanya sherehe ambayo kila mtu alikuja amevaa kitu cha kung'aa kama madini: karatasi za bati, vijiko, hata vyombo vya jikoni.

Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960, kikundi cha wanafunzi wa kike katika chuo cha Pratt, Brooklyn, walichukua sindano ya kroshia. Hawakuwa wanafunzi wa ushonaji. Walikuwa wa sanaa na usanifu. Sindano ile ile ambayo mama zetu huifumia vitambaa vya makochi, wao waliifumia makoti makubwa yenye rangi na maumbo kama ya wanyama na milima. Miongoni mwao walikuwa Janet Lipkin na Sharron Hedges. Leo kazi za kizazi kile ziko katika majumba ya makumbusho.

New Zealand, mwaka 1987, mchongaji Suzie Moncrieff alianzisha onyesho karibu na mji wa Nelson ili kulitangaza duka dogo la sanaa la mashambani. Onyesho hilo, World of WearableArt, lilikua hata likahamia mji mkuu Wellington mwaka 2005, na lina tuzo ya wanafunzi. Nako Ireland, tangu mwaka 2010, kuna shindano la Junk Kouture, ambapo vijana wa sekondari hushona mavazi kwa vitu vilivyotupwa.

Sisi wa pwani tusilione hilo la mwisho kuwa geni. Mwaka 2018, pale Lamu, Ali Skanda na mafundi wenzake walishusha majini dau la Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki zilizookotwa na kupambwa kwa maelfu ya ndara kuukuu. Takataka ikiweza kuwa chombo cha kusafiria, haishindwi kuwa kanzu.

Mifano mitatu ya kufikiria

Wa kwanza ni Rebecca Horn, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki 2024. Akiwa mwanafunzi wa sanaa Hamburg, alifanya kazi na plastiki za maji na nyuzi za kioo bila kuziba pua wala mdomo. Hakuna aliyemwambia kwamba moshi na vumbi lake ni sumu. Mapafu yake yaliharibika, akalazwa muda mrefu. Kitandani, akiwa hana nguvu, alianza kushona vitu laini vya kuurefusha mwili: mikono mirefu, vidole virefu vya kugusia mbali. Mtu aliyetengwa na watu alikuwa akitafuta jinsi ya kuwafikia. Kazi yake maarufu ya wakati huo, iliyomalizika mwaka 1972, ni pembe ndefu iliyofungwa kichwani mwa mwanafunzi mwenzake, ambaye alitembea nayo mashambani alfajiri.

Sitaficha: mwanafunzi yule hakuwa na vazi jingine ila mikanda ya kushikilia pembe. Hilo kwetu halikubaliki, na mzazi anayeogopa sanaa hii ana sababu ya kuogopa. Lakini tazama mifano miwili inayofuata, uone kwamba uchi si sharti la sanaa hii.

Wa pili ni Hussein Chalayan, mwana wa Waturuki wa Kupro, aliyezaliwa Nicosia mwaka 1970. Mwaka 1993, akimaliza masomo chuo cha Central Saint Martins, London, alizika nguo za hariri ardhini pamoja na unga wa chuma, katika bustani ya rafiki yake. Baada ya wiki kadhaa akazifukua zikiwa zimeliwa na kutu, na hizo ndizo alizoonyesha kama kazi yake ya mwisho. Sisi tunaozika maiti kwa sanda hatuhitaji kuelezwa sana. Nguo nayo huzeeka, nayo hurudi udongoni.

Miaka saba baadaye, akiwa tayari fundi mwenye jina, Chalayan aliweka jukwaani sebule ya kawaida. Wanamitindo wakavua foronya za viti wakazivaa kama magauni, viti vikawa masanduku, na wa mwisho akaingia katikati ya meza ya duara, akaiinua, ikawa sketi. Ilikuwa hadithi ya watu wanaolazimika kuhama ghafla, wakibeba nyumba mwilini, kama ilivyowapata watu wa kisiwa chake mwaka 1974. Waliofika Mombasa kwa majahazi mwaka 1991 wakikimbia vita vya Somalia wangeielewa bila mkalimani.

Wa tatu ni mwalimu: Nick Cave, Mmarekani mweusi anayefundisha chuo cha sanaa cha Chicago. Mwaka 1991 polisi wa Los Angeles walimpiga Rodney King, mtu mweusi, na dunia ikaona kwenye video. Cave alikwenda bustanini, akaokota vijiti, akavishona kuwa vazi la kumfunika mtu kuanzia utosini hadi miguuni. Alipolivaa, likatoa sauti ya kuchakarika. Ndani yake huwezi kujua aliyevaa ni mweusi au mweupe, mume au mke, tajiri au maskini. Ametengeneza mamia ya mavazi kama hayo tangu hapo. Mtu aliyehukumiwa kwa ngozi yake aliifunika, kisha ndipo akasikika.

Nililisoma hilo mara mbili. Kumbe mtu wa mbali, asiye wa dini yetu, alifika kwa njia yake kwenye jambo ambalo bibi zetu walilijua: kufunika si kunyamaza.

Na sisi je?

Sura ya Al-A'raf, aya ya 26, inataja kazi mbili za nguo: kusitiri na kupamba. Kisha inalitaja vazi la uchamungu kuwa ndilo bora. Pwani tumeongeza ya kwetu: kusema.

Chukua leso. Jina lenyewe linatokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkono, na leso za mwanzo ziliunganishwa kutoka vitambaa hivyo. Ina pindo, mji na jina. Hilo jina, yaani maandishi, husemwa kuwa liliingizwa mwanzoni mwa karne ya 20 na mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kama Abdulla. Tangu hapo mwanamke anaweza kumjibu jirani bila kufungua kinywa. Hiyo ni sanaa ya kuvaliwa iliyo sokoni Biashara Street kila siku.

Chukua kofia ya vito, ambayo hutoboliwa na kutariziwa kwa mkono miezi na miezi. Haimkingi mtu na jua kuliko kofia ya mashine. Lakini anayeijua humtazama aliyeivaa kwa jicho jingine.

Kuna na upande mchungu. Zamani Lamu, bibi wa kiungwana alitoka nje akiwa ndani ya shiraa, kitambaa kama hema kilichoinuliwa kwa vijiti, na walioshika vijiti walikuwa watumwa. Mjakazi hakuruhusiwa kujifunika kama bibi yake. Utumwa ulipokomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, waliokombolewa nao wakaanza kuvaa buibui. Kwao kitambaa kile cheusi kilikuwa ushahidi kwamba mwili huu sasa ni wangu, nami nina haki ya kuusitiri. Anayesema nguo ni nguo tu, na aisome historia hiyo tena.

Mambo ya kuangalia mwanao akileta vazi

Kwanza, muulize linasema nini. Kama jibu lake ni "ili nionekane tu", bado hajamaliza kazi. Kama ana jibu, msikilize hadi mwisho kabla ya kulitazama tena.

Pili, stara. Vazi la sanaa linaweza kuvaliwa juu ya kanzu, dera au baibui bila kupoteza maana, na mara nyingi huipata zaidi, kwa sababu rangi moja nyuma yake huliacha lionekane. Mwenye kutaka, avalishe sanamu ya duka la nguo.

Tatu, afya. Kumbuka mapafu ya Rebecca Horn. Gundi kali, rangi ya kupuliza na plastiki za kuyeyushwa zifanyiwe nje au madirisha yakiwa wazi, na barakoa ya kuzuia mvuke iwe usoni. Kitambaa cha kawaida hakitoshi. Plastiki isichomwe kabisa ndani ya nyumba.

Nne, moto na pumzi. Karatasi, makuti na plastiki hushika moto haraka, kwa hivyo yasikaribie mshumaa wala chetezo. Aliyevaa aweze kupumua, kuona mbele, na kulivua mwenyewe upesi.

Tano, vifaa viwe vya halali na safi. Nyavu, magunia na chupa zifuliwe kwa maji moto na sabuni, na visivyo vyake aviombe kwa mwenyewe.

Usiku ule

Nilifika kwa dada tukanywa kahawa, na shemeji hakusema mengi. Nikamwambia binti avae gauni lake juu ya baibui, aje atueleze.

Akaja. Mbele wavu ulikuwa wa matundu makubwa, nyuma wa matundu madogo. Kifuani alipanga vyelezo. Kwenye pindo la chini alishona chubwi pande zote, hata akawa hawezi kwenda ila polepole, akiburuta.

"Mbona umeweka chubwi zote hizi?" babake akauliza. "Wavu wa namna hii hauhitaji hata nusu yake."

"Nilitaka anayelivaa atembee vile unavyotembea baba, siku unazorudi bila samaki."

Hakuna aliyesema kitu. Dada akajifanya anaongeza kahawa vikombe ambavyo vilikuwa vimejaa.

Shemeji akainuka, akashika bega la gauni, akalikaribisha kwenye taa. Nikadhani analivua. Akapapasa kwa kidole gumba kama anavyofanya pwani asubuhi.

"Fundo hili si lenyewe," akasema. "Litafunguka mbele za watu. Nipe uzi."

Akakaa chini, mkeka ukiwa na gauni zima juu yake, akaanza kufunga upya mafundo ya mabega, moja baada ya jingine, huku binti amemshikia taa ya simu. Niliaga saa sita kasoro. Hakuna aliyeniomba niamue neno.