Marekani na Kanada: Mtihani wa LSAT na namna ya kupandisha alama za mazoezi

Kijana anayetaka kuwa wakili nchini Marekani na mwenzake mwenye nia hiyo hiyo ng'ambo ya mpaka, nchini Kanada, hukutana mbele ya maswali yale yale. Nchi hizi mbili jirani zina mabunge tofauti, mahakama tofauti na vyama tofauti vya mawakili, lakini shule zao nyingi za sheria hutumia mtihani mmoja kuwachuja waombaji. Mtihani huo hujulikana kwa herufi nne: LSAT.

Katika familia zinazozungumza Kiswahili zilizohamia nchi hizo kutoka mashariki mwa Kongo, Burundi, Rwanda, Kenya na Tanzania, watoto waliofika wakiwa wadogo sasa wanamaliza vyuo vikuu. Wengi wao waliijua sheria kabla ya kuisoma: waliwatafsiria wazazi barua za idara ya uhamiaji, mikataba ya nyumba na hati za mahakama. Wengine wanatamani kuifanya kazi hiyo kwa cheo na leseni. Mara nyingi kikwazo cha kwanza huwa alama za majaribio nyumbani, ambazo hugoma kupanda hata baada ya miezi ya kujisomea.

Shule ya sheria huja baada ya shahada ya kwanza

Nchini Kenya na Tanzania, mwanafunzi anaweza kuanza shahada ya sheria mara tu anapohitimu sekondari. Marekani haiko hivyo. Huko mtu husoma kwanza shahada ya fani yoyote, iwe historia, uhasibu au biolojia, kisha huomba kuingia shule ya sheria kwa masomo ya miaka 3 yanayompa shahada ya Juris Doctor. Kanada inafanana na Marekani kwa sehemu kubwa, ingawa baadhi ya vyuo hupokea waombaji wachache ambao hawajamaliza shahada ya kwanza.

Shule huangalia mambo kadhaa: wastani wa alama za chuo kikuu, barua za mapendekezo, maelezo binafsi ya mwombaji, na alama ya LSAT. Nchini Marekani alama hiyo ina uzito wa pekee kwa sababu shule nyingi huitumia pia kugawa ufadhili wa masomo. Pointi chache zaidi zinaweza kumtofautisha mwanafunzi atakayehitimu akiwa na deni kubwa na yule atakayelipiwa sehemu kubwa ya karo. Shule nyingi za Marekani siku hizi hupokea pia mtihani wa GRE, lakini LSAT ndio unaopokelewa na zote zilizoidhinishwa.

Mtihani ulivyo

LSAT ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1948. Unasimamiwa na Baraza la Udahili wa Shule za Sheria, LSAC, lenye makao yake katika jimbo la Pennsylvania. Alama huanzia 120 na kuishia 180, na takribani nusu ya watahiniwa hupata chini ya 153.

Tangu Agosti 2024, mtihani una sehemu 4 za maswali ya kuchagua jibu, kila moja ya dakika 35, na mapumziko mafupi baada ya sehemu ya pili. Sehemu 3 huhesabiwa: 2 za kuchambua hoja na 1 ya ufahamu wa kusoma. Ya nne haihesabiwi. Hutumika kujaribia maswali ya miaka ijayo, na mtahiniwa hajui ni ipi kati ya hizo. Kila swali lina majibu 5, na jibu baya halipunguzi alama. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuacha swali wazi. Kuna pia insha, inayoandikwa kwa wakati wake, ambayo haiingizwi katika alama ya 120 hadi 180 lakini hupelekwa kwa shule.

Mabadiliko ya 2024 yaliondoa sehemu iliyojulikana kama michezo ya mantiki, iliyomtaka mtahiniwa kupanga watu au vitu kwa masharti, mara nyingi kwa kuchora. Chanzo chake kilikuwa kesi iliyodai kwamba sehemu hiyo iliwaonea watahiniwa wasioona, na makubaliano ya kuimaliza yalifikiwa mwaka 2019. Anayenunua vitabu vilivyotumika au kurithi vya ndugu yake hana budi kuliangalia hili. Vitabu vya zamani bado vina sehemu hiyo, na saa zinazotumika kuisoma ni saa zilizopotea. Maswali ya hoja na ya ufahamu yaliyomo katika vitabu hivyo, hata hivyo, bado yanafaa.

Kinachopimwa ni hoja

LSAT haupimi ujuzi wa sheria. Mtu asiyejua kifungu hata kimoja cha katiba anaweza kupata alama za juu, na mtu anayefuatilia habari za dunia kila siku anaweza kuanguka. Mtihani hupima kama msomaji anaweza kutenganisha kile kilichosemwa na kile anachokidhania yeye mwenyewe.

Mfano ufuatao, uliotungwa kwa ajili ya makala haya, unaonyesha aina moja ya swali. Meya anasema: "Tangu tuweke taa za barabarani mtaa wa mashariki, wizi umepungua. Basi taa ndizo zilizopunguza wizi, na tukiziweka mtaa wa magharibi, wizi utapungua huko pia." Swali linauliza ni taarifa ipi, ikiwa ni kweli, inadhoofisha zaidi hoja ya meya. Majibu matatu kati ya yaliyotolewa ni haya: kwamba taa hizo ni ghali, kwamba wakazi wa magharibi hawakuulizwa maoni yao, na kwamba katika miezi hiyo hiyo wizi ulipungua kwa kiwango kile kile katika mitaa isiyowekewa taa.

Majibu mawili ya kwanza ni sababu nzuri za kuupinga mradi katika kikao cha mtaa, na hapo ndipo wengi hunaswa. Lakini meya hakusema kwamba taa ni rahisi, wala kwamba watu wamezikubali. Alisema taa ndizo zilizopunguza wizi. Jibu la tatu pekee linaigusa kauli hiyo, kwa kuonyesha kwamba huenda wizi ulipungua kwa sababu nyingine. Mtahiniwa aliyezoea kujiuliza kwanza "hitimisho ni lipi, na linaegemea ushahidi gani?" hulifikia jibu hilo haraka kuliko anayeyapima majibu kwa kuangalia lipi linavutia.

Maneno madogo yenye uzito

Kwa mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu au ya nne, hofu ya kwanza huwa msamiati mgumu. Hata hivyo makosa mengi hutokana na maneno mepesi. Tofauti hiyo imo hata katika Kiswahili. "Kila mwenye tiketi ataingia" si sawa na "mwenye tiketi pekee ndiye atakayeingia." Kauli ya kwanza inamhakikishia mwenye tiketi kuingia, lakini haimfungii mlango asiye nayo. Ya pili inamfungia mlango asiye na tiketi, lakini haimhakikishii aliye nayo; huenda akatakiwa kuonyesha na kitambulisho. LSAT hurudia tofauti hiyo kwa sura nyingi.

Neno "baadhi" nalo ni mtego. Katika mazungumzo ya kawaida, anayesema "baadhi ya wageni wamefika" hueleweka kuwa wengine hawajafika. Katika LSAT, neno lenye maana hiyo humaanisha angalau mmoja, na halikatai kwamba wote wamefika. "Wengi", katika maana ya sehemu kubwa ya kundi, humaanisha zaidi ya nusu, na pia halikatai wote. Orodha ya maneno ya namna hii, yaani yale ya masharti, ya idadi na ya kukanusha, haizidi ukurasa mmoja. Kuyamudu huleta faida kubwa kuliko kukariri kamusi.

Kwa nini alama hukwama

Kosa linalojirudia kwa wanaojisomea ni kufanya mtihani wa majaribio, kuangalia alama, kusikitika, kisha kufanya mwingine. Mtahiniwa anaweza kumaliza mitihani 20 kwa mtindo huo na kubaki palepale alipoanzia. Kufanya mtihani kunamwonyesha mtu alipo, lakini hakumfundishi alichokosea.

Njia inayosaidia huanza kabla ya kuangalia majibu. Wakati wa mtihani, mwanafunzi huweka alama kwenye kila swali alilolijibu kwa mashaka. Muda ukiisha, huyarudia maswali hayo taratibu, bila saa, na kuandika jibu lake la pili. Kisha ndipo husahihisha. Matokeo hayo mawili yakiwekwa pamoja hueleza mengi. Aliyekosa mara ya kwanza na kupata mara ya pili anaujua mtindo wa swali lakini anashindwa na muda. Aliyekosa mara zote mbili hajauelewa mtindo huo, na kuongeza kasi hakutamsaidia. Aliyepata kwa kubahatisha ana udhaifu ambao alama imeuficha.

Hatua inayofuata ni daftari la makosa. Kwa kila swali lililokosewa huandikwa mambo manne: aina ya swali, sababu iliyomvuta mwanafunzi kwenye jibu baya, sababu inayolifanya jibu hilo kuwa baya, na sababu inayolifanya jibu sahihi kuwa sahihi. Jambo la pili ndilo gumu, na ndilo lenye faida. "Sikusoma vizuri" haitoshi. "Nilichagua kwa sababu ni kweli maishani, ingawa mwandishi hakulisema" inatosha, kwa kuwa ni tabia inayoweza kuachwa. Baada ya wiki chache daftari huonyesha kwamba makosa 30 yanatokana na tabia 3 au 4 tu.

Maswali yanayohesabiwa ni chini ya 80, hivyo maswali machache husogeza alama kwa pointi kadhaa. Mtihani mmoja ukishuka si dalili ya kurudi nyuma. LSAC yenyewe huiambatanisha kila alama na kiwango cha pointi chache juu na chini. Wastani wa majaribio 3 au 4 ya mwisho, yaliyofanywa kwa muda kamili na bila simu, ndio unaotoa picha ya kweli.

Muda na ufahamu wa kusoma

Kasi hujengwa baada ya usahihi. Mwanafunzi anayejifunza aina mpya ya swali hufaidika kulifanya bila saa mpaka apate kwa uhakika, kisha hupunguza muda hatua kwa hatua. Sehemu ya ufahamu wa kusoma ndiyo huchelewa zaidi kupanda. Ina vifungu 4 kuhusu sheria, sayansi, sanaa na jamii, na kimoja kati yake huwa ni maandishi mawili mafupi ya kulinganishwa. Kinachotafutwa si kukumbuka kila kitu bali muundo: nani anadai nini, nani anampinga, na mwandishi yuko upande gani. Kusoma makala ndefu za Kiingereza kila siku, na kuandika kwa sentensi moja kila aya inafanya kazi gani, ni zoezi lisilogharimu kitu. Kuieleza aya hiyo kwa Kiswahili kwa mtu wa nyumbani ni kipimo kizuri cha kuielewa.

Gharama na mipaka

LSAC hutoa mitihani kadhaa halisi ya zamani bila malipo kupitia jukwaa lake la LawHub, lenye mwonekano ule ule wa siku ya mtihani. Mitihani zaidi hulipiwa. Kuna pia msamaha wa ada kwa wasio na uwezo, wenye masharti ya kipato na ya ukaazi. Ni busara kuuomba kabla ya kujiandikisha.

Watahiniwa wenye ulemavu wanaweza kuomba muda wa ziada au msaada mwingine kwa kuwasilisha vielelezo. Kutokuwa na Kiingereza kama lugha ya kwanza hakumpi mtu muda wa ziada. Idadi ya kufanya mtihani nayo ina kikomo: mara 5 ndani ya kipindi ambacho alama hutumwa kwa shule, na mara 7 maishani. Kwenda kujaribu tu bila maandalizi ni kuitumia nafasi vibaya.

Kwa waliosoma kwa Kifaransa

Wanaotoka Kongo na Burundi wana njia nyingine upande wa Kanada. Jimbo la Quebec hufuata mapokeo ya sheria ya kiraia yaliyotoka Ufaransa, na vyuo vyake vinavyofundisha kwa Kifaransa, kama Montréal, Laval na Sherbrooke, havidai LSAT. Programu za Kifaransa za sheria za chuo kikuu cha Ottawa na cha Moncton, zinazofundisha mapokeo ya Kiingereza, nazo hazidai mtihani huo. Chuo cha McGill hakiulazimishi, lakini huiangalia alama ya aliyeufanya. Hata hivyo, anayesoma sheria ya Quebec pekee huhitaji masomo zaidi ili afanye kazi katika majimbo mengine.

Kwa atakayeufanya LSAT, miezi 3 hadi 6 ya saa chache kila siku ni maandalizi ya kawaida, na anayefanya kazi ya zamu atahitaji zaidi. Mwombaji anayeona daftari lake bado linajaa makosa ya aina ile ile hupata faida kwa kuahirisha tarehe. Alama iliyochelewa mwaka mmoja humfaa kuliko alama ya chini aliyoiwahi, ambayo shule zitaendelea kuiona kwa miaka kadhaa.