Mwenyeji na Mgeni Katika Pande Mbili za Mto Ruvuma



Katika vikao vya kamati yetu lipo swali ambalo halikosi kuulizwa, hata kama ajenda ya siku ni maji au mbegu. Mmoja huuliza: mwanangu alivuka kwenda Tanzania, akakaa huko, je, bado ni raia wa Msumbiji? Mwingine huuliza: mke wangu ni wa Msimbati, watoto wamezaliwa kule, wao ni wa wapi? Wa tatu huuliza kwa uchungu zaidi: mtu akiishi kwa watu miaka ishirini, akalima, akazika wazazi wake pale, kweli anaweza kuambiwa yeye ni mgeni? Kwa kuwa toleo hili ni la kumbukumbu, tumeona vema tulijibu kwa njia ya historia, kwani swali hili ni kongwe kuliko makazi yetu haya, na ni kongwe kuliko gesi ya Afungi.

Tuanze hapa hapa nyumbani. Mwaka 1886 Mjerumani na Mreno walikubaliana huko Ulaya kwamba Ruvuma uwe mpaka wao. Mwaka 1887 Mreno aliinyakua Tungi, yaani upande huu wa Palma, iliyokuwa ikidaiwa na Sultani wa Unguja. Mwaka 1894 Mjerumani akaichukua Kionga, iliyo kusini ya mto. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Mreno akairudisha mikononi mwake, na mkataba wa Versailles wa 1919 ukathibitisha hivyo. Fikirini basi mtu wa Kionga aliyezaliwa enzi za Sultani, akakua chini ya Mjerumani, akazeeka chini ya Mreno. Hakuhama hata hatua moja. Minazi yake ilikuwa ile ile na msikiti wake ule ule. Kilichohama ni mpaka, na hakuna aliyemwuliza.

Kwa wazee wetu, hivyo basi, kuvuka mto hakukuwa safari ya ugenini. Enzi za Mreno watu walikimbia kazi ya kulazimishwa, wakaenda kukata mkonge Lindi na Tanga, wengine wakafika hadi pwani ya Kenya. Baada ya mauaji ya Mueda ya 16 Juni 1960 waliovuka waliongezeka, na vita vya ukombozi vilipoanza 25 Septemba 1964 walivuka kwa maelfu. Tanzania iliwapokea. Walifunguliwa makazi, na linalokumbukwa zaidi ni Rutamba katika mkoa wa Lindi, pamoja na mengine kama Lundo na Muhukuru. Walipewa ardhi ya kulima, na watoto wakapata shule. Wema ule tunaukumbuka hadi leo, na hatuandiki makala hii ili tuufute.

Lakini wema ule haukuwa uraia. Sheria ya Tanzania ya 1966 iliyowahusu wakimbizi ilikuwa sheria ya kuwadhibiti: waishi wapi, watoke kwa ruhusa ya nani. Mtu aliweza kulima shamba zuri Rutamba miaka kumi, akaimba nyimbo za chama, akabaki mkimbizi katika daftari la serikali. Msumbiji ilipopata uhuru 25 Juni 1975 wengi walirudi. Wako waliobaki, ama kwa ndoa, ama kwa shamba, ama kwa kuona kwamba Kiswahili ndiyo lugha waliyolelea watoto. Hawa waliobaki ndio waliotuachia somo, maana wengi walidhani kukaa peke yake kunatosha.

Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995 inasema wazi mtu mzima aliyetoka nje afanye nini. Anatakiwa awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema, na aukane uraia wake wa zamani, kwa sababu Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Akitimiza hayo yote bado anaomba tu, na waziri anaweza kukataa. Uraia huu wa kuomba wanasheria wanauita tajnisi. Na vibali vya kuishi vya daraja A, B na C ni vya muda, vikiisha vinaombwa upya. Vibali hivyo havigeuki kuwa uraia kwa kukaa kwenye sanduku.

Ndoa nayo ina mambo yake. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania ana njia yake nyepesi katika sheria ile. Mwanamume wa kigeni aliyeoa Mtanzania hana, naye hupitia njia ndefu kama mgeni mwingine yeyote. Akina mama wa kamati yetu walipolisikia jambo hili walicheka, kisha wakanyamaza. Sisi tunaona si haki.

Tanzania hiyo hiyo imewahi kufanya jambo kubwa ambalo nchi chache duniani zimelifanya. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 waliwekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Baada ya zaidi ya miaka 35 waliulizwa: mnarudi, au mnabaki? Wengi, karibu wanne katika kila watano, walichagua kubaki, na mwaka 2010 watu wapatao 162,000 walikubaliwa kuwa raia. Hata hivyo vyeti havikutoka mara moja. Kwanza walitakiwa wahame makazi yale na kutawanywa mikoani, mpango ambao haukufaulu, nao wakakaa katikati, si wakimbizi tena na si raia wenye karatasi, hadi vyeti vilipoanza kugawiwa Oktoba 2014. Miaka minne ni mingi kwa mtu ambaye hajui atapiga kura wapi, wala kama shamba ni lake.

Katika kipindi hicho hicho, mwaka 2013, ikaja Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Waliokutwa bila hati waliondolewa, na miongoni mwao walikuwamo watu walioishi Tanzania kwa miongo mingi, wenye wake na watoto Watanzania. Nchi ile ile, miaka ile ile: huku watu 162,000 wanaitwa raia, kule jirani wa siku nyingi anafungasha mzigo. Waliokubaliwa hawakuwa wema kuliko wale wengine. Walikuwa wameandikwa, jina kwa jina.

Yaliyotupata sisi mwaka 2021 hayahitaji maelezo marefu. Palma ilishambuliwa tarehe 24 Machi, na maelfu ya watu wakakimbilia Quitunda na kwenye uzio wa mradi hapa Afungi. Waliovuka Ruvuma wakitumaini mapokezi ya 1964 wengi walirudishwa. Kwa hesabu ya UNHCR, kuanzia Januari hadi mwanzoni mwa Juni 2021 watu zaidi ya 9,600 walirudishwa kwa nguvu kupitia Negomano, pale lilipo Daraja la Umoja lililofunguliwa 2010. Wazee waliokulia Rutamba ndio walioshangaa kuliko wote.

Sasa twende Kenya, kwa sababu huko wako ndugu zetu kabisa. Wamakonde waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya pwani, hasa Kwale, walianza kufika tangu miaka ya 1930, na wengine wakaja baadaye kwa sababu ya vita. Walichonga vinyago, wakavua, wakaoa na kuolewa. Kenya ilipopata uhuru 12 Desemba 1963 walikuwapo. Lakini hawakuandikwa kuwa raia, na Msumbiji nayo haikuwa inawajua. Mtoto alizaliwa Kwale, baba yake alizaliwa Kwale, naye hana kitambulisho. Bila kitambulisho cha Kenya hufungui akaunti benki, hupati hati ya shamba, huajiriwi, na ukikutana na askari barabarani una maelezo marefu ya kutoa. Hali hiyo iliendelea kwa vizazi vitatu.

Sheria mpya ya uraia ya Kenya ya 2011 ilifungua mlango kwa watu wasio na nchi walioishi Kenya mfululizo tangu 1963, ila iliweka muda wa miaka mitano wa kuomba. Muda ukawa unakwisha, na vyeti havionekani. Oktoba 2016 Wamakonde wakaondoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi, wazee na akina mama wakiwamo, pamoja na watetezi wa haki za binadamu. Walizuiliwa njiani, hawakurudi. Mwishowe walipokelewa Ikulu, Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba kwisha, na mwanzoni mwa 2017 walikuwa wakitambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa pwani ya Kenya nao walifuata mwaka 2023.

Tunawaomba vijana walitazame jambo hili kwa makini. Sheria ilikuwapo tangu 2011, na haki yao ilikuwapo. Lakini sheria ilibaki imelala mpaka watu wenye orodha ya majina, wenye wazee wa kutoa ushahidi nani alizaliwa lini na wapi, walipokwenda kuiamsha.

Kuna pia ukaazi wa kudumu, ambao wengi wetu wanauchanganya na uraia. Mfano mzuri ni wa ndugu zetu wa kusini, waliokimbilia Afrika Kusini katika vita vilivyokwisha kwa mapatano ya Roma ya 4 Oktoba 1992. Serikali ya huko iliwafungulia mlango mwaka 1999 na 2000, na zaidi ya 80,000 wakapewa ukaazi wa kudumu. Wakakaa kisheria, wakafanya kazi. Lakini mzee alipokwenda kuomba pensheni ya uzeeni aliambiwa hiyo ni ya raia tu. Wakaenda mahakamani, na tarehe 4 Machi 2004, katika kesi ya Khosa, Mahakama ya Katiba ilisema mkaazi wa kudumu asinyimwe msaada ule. Ilikuwa hukumu kubwa. Hata hivyo mkaazi wa kudumu hapigi kura katika uchaguzi wa taifa, na kwa sheria ya 2002 akikaa nje ya Afrika Kusini zaidi ya miaka 3 anaweza kuupoteza ukaazi wake.

Kwa walio na jamaa waliopelekwa mbali, mambo ni hayo hayo, hesabu tu ndiyo inayobadilika. Kwa sheria ya Marekani mkimbizi aliyepelekwa huko huomba ukaazi wa kudumu baada ya mwaka 1, na miaka 5 ya kungojea uraia huhesabiwa tangu siku aliyoingia. Akisafiri nje zaidi ya miezi 6 anaweza kuulizwa maswali, na akizidisha mwaka hesabu hukatika. Uingereza ukaazi wa kudumu kwa kawaida hufa mtu akikaa nje miaka 2 mfululizo.

Turudi nyumbani tujibu maswali tuliyoanza nayo. Sisi tuliohamishwa na vita ndani ya Msumbiji si wakimbizi mbele ya sheria, ni raia waliohama, na hakuna haki ya uraia inayopotea kwa kukimbia risasi. Aliyevuka kwenda Tanzania naye anabaki raia wa Msumbiji. Kadi ya chakula ya shirika si kitambulisho cha uraia, na kutokuwa nayo hakumfanyi mtu mgeni. Wafanyakazi wa mashirika wanalijua hili, lakini foleni zetu bado hazijalijua.

Kwa mgeni aliye kwetu, Katiba ya 2004 inadai miaka 10 ya kuishi kihalali, umri wa miaka 18, kujua Kireno au lugha mojawapo ya Msumbiji, na kuwa na njia ya kujikimu. Kimwani na Kimakonde, kwa hiyo, vinahesabika. Aliyefunga ndoa na raia anaweza kuomba baada ya miaka 5, awe mume au mke. Ila raia wa kupewa hawezi kuwa mbunge wala waziri, wala kuingia katika kazi ya jeshi au ya ubalozi.

Na watoto waliozaliwa Mtwara? Katiba inasema mtoto wa baba au mama raia wa Msumbiji, hata akizaliwa nje, ni raia endapo atatangaza kwamba anataka hivyo. Akiwa chini ya miaka 18 wazazi ndio wanaotangaza kwa niaba yake, na baada ya hapo ni yeye mwenyewe. Neno hilo, kutangaza, ndilo wengi hulipita. Mzazi anahitaji karatasi iliyotolewa mtoto alipozaliwa, na BI yake mwenyewe. Wengi wetu BI ziliungua Palma na Mocímboa da Praia pamoja na ofisi zilizozitoa. UNHCR na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Msumbiji wamewasaidia waliohamishwa katika mkoa wetu kupata hati upya. Asiye na karatasi hata moja aje na mzee anayemjua tangu utotoni, na ikiwezekana na cheti cha ubatizo, cha madrasa au cha shule, hata kama kimechanika.