Boti za Paris, Askari wa Mawe na Usiku Ambao Mto Seine Haujausahau

Ukitaka kuiona Paris bila kuua miguu, dawa ni moja tu: panda boti. Safari ni ya saa moja na ushee. Wewe umekaa, mji ndio unaopita mbele yako: Mnara wa Eiffel, Louvre, Notre-Dame, na madaraja kama yote. Ndiyo maana hata mtu mwenye siku mbili tu mjini pale lazima arudi na video ya Mto Seine kwenye simu.

Wengi huenda wakati wa kiangazi. Wajanja wanaenda Desemba mpaka Februari. Baridi ya mtoni inauma, hilo halina ubishi, lakini angalia faida zake. Miti ya kando ya mto imepukutisha majani, kwa hiyo majengo yanayojificha mwezi wa saba yanaonekana yote. Chini ya boti kuna ukumbi wa vioo wenye joto, na juu ni wazi kwa wale wa picha. Halafu Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Saa kumi na mbili taa zote zimewaka, na Mnara wa Eiffel unameremeta dakika 5 kila saa mpya inapoingia. Mwezi wa sita ungesubiri mpaka saa nne usiku ndiyo giza liingie.

Sasa, ukishapiga picha zako, weka simu pembeni kidogo. Maana safari hii fupi inapita kwenye historia nzito, na kuna sehemu moja ambayo boti inaivuka kwa sekunde chache tu.

Boti zenye jina la nzi

Tuanze na boti zenyewe. Zinaitwa bateaux-mouches, na kwa Kifaransa "mouche" ni nzi. Watu wakadhani ziliitwa hivyo kwa sababu zinazunguka mtoni kama nzi. Wapi! Jina limetoka mji wa Lyon, kwenye mtaa uliokuwa ukiitwa La Mouche, ambako boti hizo zilikuwa zinaundwa.

Mwaka 1867 Paris iliandaa maonyesho makubwa ya dunia. Wageni walikuwa wengi na usafiri ulikuwa wa shida. Mwenye karakana mmoja wa Lyon akaona hapa kuna hela. Akazileta boti zake Paris kwa njia ya maji, zikaanza kubeba abiria. Hazikuwa za utalii kabisa. Zilikuwa daladala za majini: mfanyakazi anapanda asubuhi, anashuka karibu na kazini, jioni anarudi.

Mwaka 1900 treni ya chini ya ardhi ikaanza. Ilikuwa na kasi, haikujali mvua wala ukungu, na ilifika hadi mitaa isiyo na mto. Abiria wakahama mmoja mmoja, na kufikia miaka ya 1930 biashara ya boti za abiria ikawa imekufa.

Bwana Mouche ambaye hakuwahi kuzaliwa

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1949, akatokea mfanyabiashara mmoja mwenye jicho la mbali. Akanunua boti kuukuu, akaanza kuuza mandhari badala ya usafiri. Yaani hupandi ili ufike mahali. Unapanda ili urudi pale pale ulipoanzia, umefurahi. Wazo jepesi, lakini ndilo lililozaa utalii mzima wa mto ule.

Jamaa alikuwa bingwa wa kiki kabla neno kiki halijakuwepo. Tarehe 1 Aprili 1953 aliandaa sherehe ya kumuenzi "mwasisi" wa boti hizo, bwana mmoja aliyeitwa Jean-Sébastien Mouche. Wakubwa wakaalikwa, wanahabari wakaja, sanamu la mzee Mouche likazinduliwa. Wasifu wake ulikuwa umeandikwa vizuri, ukieleza hadi kazi aliyofanya zamani za ujenzi mpya wa Paris katika karne ya 19.

Shida ni moja: mtu huyo hakuwahi kuwepo. Alitungwa kuanzia jina mpaka sura. Tarehe yenyewe ya mwaliko ilikuwa Siku ya Wajinga na bado watu wakaingia kichwa kichwa. Hadithi ilienea, na boti zikapata matangazo ya bure.

Inachekesha. Ila weka akilini jambo hili: kwenye kingo za mto huu, mtu ambaye hakuwahi kuishi alipewa sanamu na hotuba. Tutafika mahali ambapo watu waliokufa kweli walikosa hata jina.

Askari anayepima maji

Moja ya gati maarufu za boti hizi liko karibu na Daraja la Alma. Pale kwenye nguzo ya daraja amesimama askari wa mawe, mrefu, ana ndevu, kavaa suruali pana na kilemba cha kofia. Anaitwa Zouave, na wenyeji wanampenda kupita kiasi. Kisa? Ndiye kipimo chao cha mafuriko.

Seine hufurika hasa wakati wa baridi, mvua zinaponyesha mfululizo na ardhi imeshashiba maji. Maji yakifika miguuni kwa Zouave, watu wanajua njia za kando ya mto zinafungwa. Januari 1910 yalimfika mabegani. Mto ulipanda hadi mita 8.62, maji yakapita kwenye mifereji ya chini ya ardhi na mahandaki ya treni, yakatokea mitaani hata mbali na mto. Watu wakatembea kwa mitumbwi na mbao. Kituo cha treni cha Orsay, ambacho siku hizi ni jumba la makumbusho, kiligeuka bwawa.

Hata miaka ya karibuni ametumika. Januari 2018 mto ulipanda hadi karibu mita 6, na boti za utalii zikasimama. Sababu ni hesabu rahisi: maji yakipanda, nafasi chini ya daraja inapungua, boti haipiti. Kwa hiyo ukipanga safari ya Januari, angalia kiwango cha maji kabla hujalipa tiketi.

Lakini huyu Zouave ni nani hasa? Daraja lilijengwa miaka ya 1850 kukumbuka ushindi wa Wafaransa kwenye mto Alma, vita vya Crimea, mwaka 1854. Liliwekewa sanamu nne za askari wa vikosi tofauti. Lilipojengwa upya miaka ya 1970, ni yeye peke yake aliyebaki.

Na jina lake halikuzaliwa Ufaransa. Ufaransa ilipoivamia Algeria mwaka 1830, iliandikisha wapiganaji wa Kiberberi kutoka milima ya Kabylie, watu walioitwa Zwawa. Wafaransa wakatamka "Zouave". Baada ya muda vikosi hivyo vikajaa Wafaransa wenyewe, ila jina likabaki, na mavazi ya Afrika Kaskazini yakabaki. Kwa hiyo askari kipenzi wa Paris ana jina na nguo za Algeria.

Usiku wa Oktoba 17

Boti ikiondoka hapo kuelekea Notre-Dame, inapita chini ya Daraja la Concorde. Sehemu ya mawe yake yalitoka kwenye gereza la Bastille, lililovunjwa baada ya wananchi kulivamia mwaka 1789. Uwanja wa pembeni ndipo mfalme alipokatwa kichwa Januari 1793. Mbele zaidi yapo majengo ambamo malkia wake alifungwa akisubiri zamu yake. Paris haioni aibu na damu hiyo. Imeigeuza kivutio.

Boti zinazopita mkono mwembamba wa kusini wa mto, ule unaokizunguka kisiwa cha Notre-Dame, zinafika Daraja la Saint-Michel. Daraja lenyewe ni la kawaida, na abiria wengi wakati huo wameshainua simu kuelekea kanisani. Hapo ndipo pa kutulia.

Mwaka 1961 Algeria ilikuwa bado inapigania uhuru, na vita vilikuwa vimeingia mwaka wa saba. Maelfu ya Waalgeria waliishi Paris na vitongoji vyake, wengi viwandani na kwenye ujenzi, wakilala kwenye mabanda ya mabati na mbao. Wapiganaji wa chama cha ukombozi na polisi walikuwa wanauana. Tarehe 5 Oktoba mkuu wa polisi wa jiji akatoa amri: Waalgeria wasitoke nje usiku. Kumbuka kwamba kisheria hao walikuwa raia wa Ufaransa. Amri iliwabagua kwa asili yao tu.

Chama kikaitisha maandamano ya amani. Tarehe 17 Oktoba jioni watu kati ya 20,000 na 30,000 wakaingia katikati ya jiji, wanaume kwa wanawake, wengine na watoto. Wengi walivaa nguo zao nzuri, kama watu wanaotaka kuheshimiwa. Polisi wakawasubiri kwenye vituo vya treni na kwenye madaraja. Zaidi ya watu 11,000 walikamatwa usiku ule, wakasombwa kwa mabasi hadi kwenye kumbi za michezo, wakapigwa. Wengine walipigwa hadi kufa. Wengine walitupwa mtoni, Saint-Michel ikiwemo, umbali wa hatua chache kutoka makao makuu ya polisi. Siku zilizofuata maiti ziliibuka kwenye maji.

Taarifa ya serikali ilisema waliokufa ni watu watatu. Wanahistoria waliochimba baadaye wanazungumzia makumi kadhaa, na wengine wanafika 200 au zaidi. Idadi kamili haijawahi kukubalika na wote.

Muda mfupi baadaye iliandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa mto kwamba hapo ndipo Waalgeria wanapozamishwa. Maandishi yalifutwa haraka, lakini yalikuwa yameshapigwa picha. Picha hiyo ilikaa miaka mingi bila kuchapishwa. Leo kitu kinatokea na baada ya dakika kiko kwenye simu za watu milioni. Wakati ule mhariri akisema hapana, basi ni hapana.

Na yule mkuu wa polisi? Aliendelea na maisha, akawa hadi waziri. Mwaka 1998 mahakama ilimtia hatiani, lakini kwa kosa jingine: kushiriki kuwasafirisha Wayahudi kwenda kambi za Wanazi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kwa usiku wa Oktoba hakuwahi kuhukumiwa. Hakuna aliyehukumiwa.

Waridi kwenye maji

Ilichukua miaka 40. Tarehe 17 Oktoba 2001 meya wa Paris aliweka kibao cha kumbukumbu pale Saint-Michel. Mwaka 2012 rais wa nchi alikiri kwamba ukandamizaji wa damu ulitokea. Mwaka 2021 rais mwingine alisema ulikuwa uhalifu usio na udhuru. Machi 2024 Bunge likapitisha azimio la kulaani.

Halafu ikaja Julai 26, 2024. Ufunguzi wa Olimpiki haukufanyika uwanjani, ulifanyika juu ya Seine. Timu zilipita kwa boti kwenye mvua kubwa, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwemo. Boti ya Algeria ilipofika zamu yake, wanamichezo wakatoa maua ya waridi mekundu, wakayatupa mtoni. Hawakusoma hotuba. Watazamaji wengi duniani hawakuelewa, wakaanza kuuliza mtandaoni: maua ya nini? Usiku ule vijana wengi walisikia kwa mara ya kwanza kuhusu mwaka 1961. Kibao kilikuwepo kwa karibu miaka 23, lakini kipo juu barabarani. Aliye kwenye boti hakisomi.

Kwa hiyo ukijaaliwa kuipanda boti hii, furahia. Nunua kinywaji cha moto, subiri mnara umeremete, chukua video zako zote. Mcheke bwana Mouche wa uongo. Mpige picha Zouave, uangalie maji yamemfika wapi. Boti ikiingia chini ya Saint-Michel, geuka uangalie ukuta na maji badala ya kanisa. Na ukishuka, rudi pale kwa miguu ukakisome kile kibao. Kutoka Notre-Dame ni mwendo wa dakika chache.

Wewe ulipoona yale maua ya waridi kwenye Olimpiki, ulijua ni ya nani?