Kuku wa Mama

Mtoto wa dada yangu ana miaka sita na amezaliwa Dar es Salaam. Kuku anamjua vizuri: anamjua akiwa robo, akiwa na chipsi, akiwa na kachumbari pembeni. Kuku mzima, mwenye manyoya na macho, alikuwa hajawahi kumshika. Mwanzoni mwa Januari, kabla shule hazijafunguliwa, nilikuwa nakwenda kusini kwa utafiti wa shahada yangu ya uzamili ya historia. Dada akanikabidhi mtoto nimpeleke kwa bibi yetu, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Ruangwa.

Basi lilitushusha Nanganga. Tukapanda gari dogo hadi Ruangwa mjini, kisha bodaboda hadi kijijini. Kitu cha kwanza mtoto alichokiona uani kwa bibi kilikuwa kuku mweusi aliyefungwa kamba mguuni, chini ya mwembe. Akaanza kulia. Akaniuliza, "Mama mdogo, amefanya kosa gani?"

Bibi alicheka mpaka akakaa. "Hajafanya kosa, mama. Ni mgeni. Ametoka Nachingwea juzi, bado hajapajua kwake. Akilala hapa siku chache, nitamfungua."

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Methali hiyo niliikamilisha kwenye mitihani ya shule ya msingi bila kujiuliza hata siku moja kuku huyo alitoka wapi na nani alimfunga.

Kwa kweli kuku wote wa huku kwetu ni wageni, ukirudi nyuma vya kutosha. Asili yao ni kuku wa porini wa Kusini Mashariki ya Asia. Walifika pwani yetu kwa njia ya Bahari ya Hindi, na mifupa yao imechimbuliwa katika maeneo ya kale kama Unguja Ukuu, kwenye tabaka za karne ya 7 na ya 8. Kutoka pwani walipanda bara, na leo Myao anamwita nguku, Mmakua anamwita mwalaku, na kila mmoja atakuapia kuwa ni kuku wake tangu enzi za mababu.

Mimi sikwenda kusini kutafuta kuku. Nilikwenda kutafuta karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Tanganyika mradi mkubwa wa karanga uliokusudiwa kufikia zaidi ya ekari milioni tatu, ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula uliowakumba Waingereza baada ya vita. Mashamba yalipangwa Kongwa, Urambo na Nachingwea, na sehemu kubwa kuliko zote ilikuwa iwe huku kusini. Matrekta yalivunjika, mvua hazikutii ratiba, udongo uliwashinda. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa baada ya kumeza takribani pauni milioni 36. Nachingwea iliachiwa mji na reli ya kwenda pwani, na reli yenyewe haikudumu: ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha ikang'olewa.

Habari hizo zina majalada, ramani na hesabu. Katika majalada niliyoyafungua Dar es Salaam, sikukuta kuku hata mmoja. Lakini jioni za Ruangwa, kila nilipomuuliza bibi kuhusu zamani, jibu lilianza na kuku.

Bibi alikuwa na umri wa miaka 12 hivi mwaka 1974, familia yake ilipohamishiwa kijiji kipya. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alikuwa ametangaza kwamba hadi mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji vilivyopangwa. Baba yake bibi alibeba jembe na mlango, mama yake alibeba chungu na mbegu. Bibi alibeba tenga lenye kuku wake mwenyewe, tetea mwekundu aliyepewa na nyanya yake. Walipofika, alimfunga kamba kwenye nguzo ya kibanda ambacho kilikuwa bado hakina ukuta.

"Sote tulikuwa kuku wageni," alisema bibi.

Zamani, alinieleza, nyumba zilikuwa mbali mbali. Ugonjwa ukiingia kwa jirani, unaweza usifike kwako. Katika kijiji kipya nyumba zilijipanga mstari, na msimu wa pili kideri kilipita kama moto wa nyasi. Tetea mwekundu akafa naye.

Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, kilitambuliwa na wataalamu mwaka 1926, huko Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza. Afrika Mashariki kiliandikwa kwa mara ya kwanza karibu na Mombasa mwaka 1935. Kuku husinzia, shingo hupinda, huharisha kijani, na kikiingia katika kuku wasiochanjwa kinaweza kuwamaliza wote kwa siku chache. Hakina tiba. Mtoto wa kijijini alikuwa akikutana nacho kabla hajajua kusoma.

Nimeandika "mtoto" kwa makusudi. Kwa bibi, na kwa mama yake kabla yake, kuku alikuwa mali ya kwanza ya mtoto. Mbuzi walikuwa wa baba, shamba la familia. Mtoto alipewa kifaranga, akakifunga kitambaa mguuni ili asikichanganye, akakilisha chenga za mahindi. Alijifunza kuhesabu kwa mayai na kusubiri kwa siku 21 za kuatamia. Alijifunza kusikiliza pia, kwa sababu mlio wa kuku aliyeona mwewe angani haufanani na wa kuku aliyeona kicheche ardhini, na anayechelewa kuutofautisha hupoteza vifaranga. Tunasema mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Mwana wa mtu ndiye aliyefunzwa, na mwalimu wake alikuwa kuku.

Basi kwa nini mimi na dada hatukufunzwa? Tumekulia Mbagala, katika nyumba yenye ua mpana. Majirani walifuga. Mama hakutaka kabisa. Nilidhani ni mambo ya usafi.

Ukweli niliupata kwa simu, usiku wa pili, nilipomweleza mama juu ya kuku mweusi na kamba yake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Muulize bibi yako kuhusu wa kwangu."

Mwaka 1994, mama akiwa na miaka 13, alikuwa na tetea mwenye madoa kama kanga. Alikuwa amemlea tangu kifaranga. Siku moja alirudi kutoka shule akakuta banda tupu. Wiki iliyofuata kaka yake alivaa sare mpya za sekondari. Mama hakuambiwa kitu, naye hakuuliza. Tangu siku hiyo hakufuga tena.

Nilimuuliza bibi asubuhi, tukichambua mboga. Hakukana.

"Kideri kilikuwa kimefika kijiji cha pili," alisema. "Niliuza kuku wote saba kwa mchuuzi, siku moja. Nimwache wake afe mbele ya macho yake, kama wangu alivyokufa mbele yangu? Na fedha ikishakuwa mkononi, mtoto anahitaji sare, utafanyaje?"

"Mama anasema ungemwambia."

Bibi aliendelea kuchambua. "Enzi zile nani alimwambia mtoto?"

Darasani tumefundishwa kupima shahidi dhidi ya shahidi. Hapa nilikuwa na mashahidi wawili ambao hawapingani juu ya tukio: kuku aliuzwa, sare zilinunuliwa. Walichopishana ni kuku alikuwa wa nani. Mama aliamini neno "wako" kama lilivyotamkwa. Kwa bibi, "wako" lilikuwa na mwisho wake, na mwisho huo ni njaa, ugonjwa na ada. Na katika kuwaokoa kuku wake kwa kuwauza, huenda alikisaidia kideri kusafiri, kwa maana tenga la mchuuzi ni moja ya njia zinazokitoa kijiji hadi kijiji. Hilo sikumwambia.

Siku ya nne, bibi alituamsha kabla jua halijachomoza. Mchanjaji wa kijiji alikuwa anapita. Chanjo inayoitwa I-2 ilitokana na kazi ya Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na sasa inatengenezwa hapa hapa nchini. Sifa yake kubwa ni kustahimili joto kuliko chanjo za zamani, jambo la maana mahali ambapo friji ni chache. Kuku hupewa tone moja jichoni, na zoezi hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Hufanyika alfajiri kwa sababu banda likishafunguliwa, humpati mtu wa kukimbizana nao.

Watoto wa jirani walikuja kushika kuku, kama kawaida yao. Mtoto wa dada alisimama nyuma yangu. Bibi akafungua kamba ya kuku mweusi, akamwekea mikononi, akamwonesha namna ya kubana mabawa bila kuumiza. Tone likaingia. Kuku akapepesa jicho, mtoto akapepesa la kwake.

"Moyo wake unakimbia," alininong'oneza.

"Huyo wako," bibi akamwambia.

Mtoto akafikiri. Nadhani alikuwa amesikia mazungumzo yetu ya mboga. "Hutamuuza?"

Niliona bibi akitafuta jibu. Angeweza kusema hapana, na sote tungefurahi.

"Siku nikilazimika kumuuza," alisema, "nitakupigia simu kwanza."

"Mama mdogo, andika."

Nikaandika katika daftari la utafiti, kati ya maelezo ya reli na hesabu za matrekta: kuku mmoja, tetea, mweusi, mali ya fulani, miaka sita. Nikaweka tarehe. Bibi hakusoma, ila alitaka kuonyeshwa mahali palipoandikwa.

Machi alipiga simu. Kuku mweusi ameangua vifaranga tisa, mwewe amechukua wawili. Mtoto aliposikia alilia kwa ajili ya wale wawili, kisha akawahesabu saba kwa vidole. Mama alikuwa amekaa pembeni, anakunja nguo. Aliomba simu, akasalimia shikamoo, akauliza habari za mvua. Halafu akauliza kama kati ya hao saba kuna mwenye madoa.