Rangi Iliyokataa Kutoka

Mwaka 1884, katika chumba cha maiti cha hospitali ya Friedrichshain mjini Berlin, daktari kijana kutoka Denmark, Hans Christian Gram, alikuwa akichunguza mapafu ya watu waliouawa na nimonia. Mwenyeji wake, Carl Friedländer, alikuwa na mabishano makali na Albert Fraenkel: ni bakteria yupi hasa anayeleta ugonjwa huo? Kila mmoja alishikilia wake.

Gram hakuingia kuamua ugomvi. Shida yake ilikuwa kwamba rangi za siku zile zilipaka kila kitu, bakteria na nyama ya pafu, mpaka huoni kipi ni kipi. Akapaka zambarau, akafuatisha maji ya iodini, kisha akaosha kwa alkoholi. Nyama ikaachia rangi. Bakteria wakaing'ang'ania kama shati linavyong'ang'ania utomvu wa bibo. Ila si wote. Wa homa ya matumbo, kwa mfano, walitoka weupe. Gram alihesabu jambo hilo kuwa upungufu, na akaandika wazi kwamba njia yake haijakamilika. Kwangu mimi, upungufu huo ndio ulioipa njia yake thamani kubwa kuliko yote.

Siri iko kwenye ukuta wa seli. Ukiwa mnene, rangi hunaswa ndani. Ukiwa mwembamba wenye utando wa mafuta juu, alkoholi huuharibu utando huo na rangi ikatoka. Wekundu wa safranini, unaowapaka hao waliooshwa, uliongezwa baadaye na wengine.

Sasa warudie wale mahasimu. Bakteria wa Fraenkel hukaa wawiliwawili, ncha zimechongoka, zambarau iliyokolea. Wa Friedländer ni vijiti vifupi vinene, vifupi kiasi cha kudhaniwa duara, na huonekana vyekundu. Wote wawili huleta nimonia, ingawa wa Fraenkel ndio wengi zaidi. Penisilini, iliyogunduliwa mwaka 1928, ilikuja kuwamaliza wa Fraenkel. Wale wa Friedländer haikuwatikisa.

Njia ya Gram bado inatumika maabarani. Mgonjwa akishukiwa kuwa na homa ya uti wa mgongo, tone la maji ya uti wake wa mgongo hupakwa kwenye slaidi, na mtaalamu huinamia hadubini. Jozi za zambarau humwelekeza kwa bakteria wa Fraenkel. Jozi nyekundu, zilizojibana ndani ya seli nyeupe za damu, ni dalili ya bakteria aitwaye meningokokasi, na hapo waliokaa karibu na mgonjwa huanza kutafutwa wapewe dawa ya kinga, kabla hata majibu ya kuotesha bakteria hayajatoka.