MUS'AB: JINA GENI MASIKIONI, KONGWE KATIKA UISLAMU

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, hebu jaribu jambo moja. Usiku wa leo baada ya tarawehe, simama mlangoni mwa msikiti uite "Muhammad!" Watageuka watu kumi. Ita "Ali!", ita "Abdallah!", ita "Juma!", utapata majibu mpaka uchoke. Sasa ita "Mus'ab!" Pengine asigeuke hata mmoja, na mzee mmoja akuulize, "Umemwita nani, mwanangu?"

Basi makala haya ni juu ya jina hilo. Kwa nini ni adimu kwetu? Limetoka wapi? Na je, mzazi anayetarajia mtoto wa kiume mwaka huu alifikirie au aliache?

MAJINA YETU HUTOKA WAPI

Hapa pwani, na kwa Waislamu wengi wa Kenya, mtoto hupata jina kwa njia zinazojulikana. Wa kwanza humrithi babu yake, ili jina la mzee lisipotee. Mwengine huitwa kwa siku au mwezi aliozaliwa: Juma, Khamisi, Rajab, Shaaban, Ramadhan. Wengine huitwa kwa Mitume na Makhalifa. Majina haya yamekaa vinywani mwetu muda mrefu mpaka yamevaa kanzu ya Kiswahili: Abubakar akawa Bakari, Uthman akawa Athumani, Umar akawa Omari.

Mus'ab hakupitia njia hiyo. Sahaba mwenye jina hilo, Mus'ab bin Umayr (R.A.), hakuacha mtoto wa kiume. Alimuoa Hamna bint Jahsh (R.A.), akamzaa binti mmoja, Zaynab. Kwa hiyo hapakuwa na wajukuu wa kulibeba jina kwa nasaba. Kila aliyeitwa Mus'ab baada yake aliitwa kwa sababu mtu fulani alikaa, akafikiri, akalichagua.

Na wa mwanzo kulichagua hawakuwa watu wadogo. Inasimuliwa kwamba Zubayr bin Al-Awwam (R.A.) alisema kuwa Talha huwapa wanawe majina ya Mitume, na yeye huwapa wake majina ya mashahidi. Ndivyo alivyofanya: Hamza kwa jina la Hamza, Ja'far kwa jina la Ja'far, na mwengine akamwita Mus'ab kwa jina la Mus'ab bin Umayr. Mtoto huyo ndiye Mus'ab bin Zubayr, aliyekuja kuwa gavana wa Iraq na akauawa vitani mwaka 72 Hijria. Katika kizazi hicho hicho cha Zubayr akatokea Mus'ab Az-Zubayri, mwanachuoni wa nasaba za Makureshi, aliyefariki mwaka 236 Hijria. Umeona? Jina ambalo halikuwa na mrithi likapata nyumba kwa watu wengine.

Leo utalikuta Sudan, Jordan, Palestina na Uturuki. Hapa kwetu ndugu zetu Wasomali wanalo, nao huliandika Muscab, kwani katika maandishi ya Kisomali herufi "c" ndiyo 'ayn. Kwa hivyo ukiona Muscab kwenye orodha ya darasa, usisome "Muskabu". Ni Mus'ab yule yule.

JE, NI JINA LENYE MAANA MBAYA?

Hapa ndipo mabibi wengi hukunja uso. "Musabu? Si kama msiba huo? Si kama masaibu?" Ni haki yao kuuliza, maana sikio la Kiswahili linasikia hivyo. Lakini msiba na masaibu vina mzizi mwengine wa Kiarabu: swad, waw, ba. Mus'ab ni swad, 'ayn, ba, mzizi wenye maana ya ugumu. Waarabu walimwita mus'ab ngamia dume aliyeachwa bila kupandwa wala kubebeshwa mzigo, mwenye nguvu zake zote, asiyefugika kwa urahisi.

Utauliza: je, jina la ugumu linafaa? Tunajua Mtume (S.A.W.) alikuwa akibadilisha majina mabaya. Katika Bukhari imekuja kwamba alifika kwake babu yake Said bin Al-Musayyib, jina lake Hazn, yaani ardhi ngumu ya mawe. Mtume (S.A.W.) akamwambia awe Sahl, yaani mwepesi. Yule bwana akakataa, akasema haachi jina alilopewa na babake. Mjukuu wake akasema kuwa ukavu ule ulibaki katika ukoo wao.

Lakini Mus'ab aliishi na Mtume (S.A.W.) Makka na Madina, akatumwa kazi kubwa, akapewa bendera, na jina lake likabaki vile vile. Kwa hivyo, mzazi, usiwe na wasiwasi. Jina alilolikubali Mtume (S.A.W.) kwa sahaba wake halina mkosi.

KIJANA WA MANUKATO

Sasa tumjue mwenyewe. Mus'ab alikuwa wa ukoo wa Abdud-Dar katika Makureshi. Mamake, Khunas bint Malik, alikuwa tajiri na alimdekeza hasa. Nguo nzuri kuliko za wenzake, manukato yanayomtangulia njiani, na makubadhi ya Hadhramaut, huko huko walikotoka wazee wengi wa Kihadhrami wa pwani yetu. Kwa lugha ya leo, huyu ndiye kijana ambaye wenzake wote mtaani wangetaka kuwa yeye.

Akasikia kwamba kuna watu wanakutana na Muhammad (S.A.W.) katika nyumba ya Al-Arqam. Akaenda kusikiliza, akasilimu, akaficha kwa kumuogopa mamake. Siku moja Uthman bin Talha akamuona akiswali, akapeleka habari. Jamaa zake wakamfungia ndani. Alipopata upenyo akatoroka, akahajiri Uhabeshi pamoja na Waislamu wa mwanzo, mwaka 615 hivi. Aliporudi alikuwa mtu mwengine: nguo zenye viraka, ngozi imechakaa. Neema zote zile zilikatika, naye hakurudi nyuma.

ALIYEFUNGUA MADINA

Mwaka 621, baada ya watu wa Yathrib kutoa ahadi ya kwanza ya Aqaba, walihitaji mwalimu. Fikiria wazee na mashujaa waliokuwapo. Mtume (S.A.W.) akamchagua Mus'ab. Akaenda, akafikia kwa As'ad bin Zurara, akaanza kusomesha Qur'ani.

Siku moja akaja Usayd bin Hudayr, mkubwa wa watu wake, mkuki mkononi, uso wa hasira, kumwambia aondoke. Mus'ab hakupandisha sauti. Alimwomba tu akae asikilize: akipendezwa akubali, asipopendezwa wataliacha hilo asilolitaka. Usayd akaona hiyo ni insafu. Akachomeka mkuki wake chini, akakaa. Alipoinuka alikuwa Muislamu. Akafuata Sa'd bin Mu'adh, naye akaja kwa ukali, naye akakaa, naye akasilimu, na kwa sababu yake watu wa ukoo wake wakaingia katika Uislamu siku hiyo hiyo. Mwaka uliofuata walikuja Aqaba wanaume 73 na wanawake 2 kumpa Mtume (S.A.W.) ahadi. Ule mji uliokuja kuwa Madina ulifunguliwa kwa Qur'ani na ulimi laini wa kijana mmoja.

Na kwa kuwa tuko Ramadhan, tukumbuke kwamba tarehe 17 Ramadhan mwaka wa 2 Hijria, siku ya Badr, mbeba bendera alikuwa ni Mus'ab. Uhud, mwaka wa 3 Hijria, aliibeba tena. Inasimuliwa kwamba alikatwa mkono wa kulia akaishika kwa kushoto, akakatwa wa kushoto akaikumbatia kifuani, mpaka alipouawa na Ibn Qami'a.

Alipotafutiwa sanda hakukupatikana ila nguo moja. Wakifunika kichwa, miguu inatoka. Wakifunika miguu, kichwa kinatoka. Mtume (S.A.W.) akaamrisha kichwa kifunikwe, na miguu iwekewe majani ya idhkhir. Yule wa manukato na makubadhi!

Miaka ikapita, Waislamu wakatajirika. Siku moja Abdurrahman bin Awf (R.A.), tajiri mkubwa, alikuwa amefunga, akaletewa chakula. Akamkumbuka Mus'ab, akasema kuwa yule alikuwa bora kuliko yeye na hata sanda ya kumtosha hakuipata. Akaogopa isije ikawa malipo yao wamepewa hapa hapa duniani. Akalia mpaka akakiacha chakula. Ndugu yangu, hadithi hii imo katika Bukhari. Ikumbuke leo jioni mbele ya sambusa, kaimati na mahamri.

JINA LILILOTEKWA

Lipo jambo jengine hatuwezi kulikwepa. Miaka ya 2000 jina hili lilisikika sana katika habari kwa sababu mbaya. Mtu wa Jordan, jina lake la kuzaliwa Ahmad Fadil, alijipa kunya ya Abu Mus'ab, akajulikana kama Az-Zarqawi. Kundi lake liliripua mahoteli ya Amman mwezi Novemba 2005, wakafa watu zaidi ya 50, wakiwemo waliokuwa harusini. Yeye mwenyewe aliuawa Iraq mwezi Juni 2006.

Tangu hapo kuna wazazi wanaoogopa. Wanasema, "Mtoto nikimwita hivi, kesho atasumbuliwa kwenye kitambulisho, uwanja wa ndege, akitafuta kazi." Hofu hiyo si ya bure, na vijana wetu wengi wanajua ilivyo kuulizwa maswali kwa ajili ya jina. Lakini tutafakari. Yule alijibandika kunya tu. Mwenye jina alimkalisha chini mtu aliyemjia na mkuki, wakazungumza. Huyu wa pili aliripua watu wakiwa harusini. Tukiliacha jina kwa sababu yake, tutakuwa tumempa kitu ambacho hakikuwa chake. Na kesho akitokea mwengine akajiita Abu Bilal au Abu Hamza, tuyafute na hayo?

KWA MZAZI NA KWA KIJANA

Mzazi, ukiamua kumwita mwanao Mus'ab, fanya mambo mawili. Kwanza, kabla ya akika kubalianeni nyumbani jinsi ya kuliandika: Musab, Mus'ab, Musaab au Muscab. Chagueni moja, na hilo hilo liandikwe kwenye cheti cha kuzaliwa, cha madrasa na cha skuli. Tofauti ya herufi moja humtesa mtoto miaka kumi na minane baadaye akienda kuchukua kitambulisho. Pili, mpe kisa pamoja na jina. Mtoto asiyejua kwa nini anaitwa hivyo ataona haya wenzake wakimcheka. Anayejua atawasimulia.

Na wewe kijana unayeitwa Juma au Bakari, usidhani makala haya hayakuhusu. Jina halisomeshi Qur'ani, anayesomesha ni mtu. Mtaani kwako kuna watoto hawajui alif, na kuna aliyekasirika anayehitaji mtu wa kumwambia, "Kaa kidogo tuzungumze." Hiyo ndiyo kazi aliyotumwa Mus'ab, na bado ipo.

Ewe Mola wetu, turuzuku watoto wema, utupe elimu yenye manufaa na ulimi laini, utakabali funga zetu, na umrehemu Mus'ab bin Umayr na wote waliotutangulia kwa imani. Amin.

Wabillahi tawfiq.